Mmoja wa ng'ambo hii, mwingine wa ng'ambo ile

Kifunguamimba wangu alipotimiza miaka minne alijua kushika kalamu. Mdogo wake alipofika umri huohuo alijua kushika kisu. Wa kwanza alikulia Strasbourg, Ufaransa. Wa pili tulikuwa tumeshahamia Kehl, Ujerumani. Kati ya miji hiyo kuna mto Rhine na daraja la tramu. Ukipanda laini D, hujamaliza kusoma meseji zako umeshabadilisha nchi.

Kisu chenyewe kilikuwa cha kweli, cha kuchongea vijiti. Nilipomfuata jioni nilimkuta ana plasta kidoleni. Mlezi wake akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa pongezi, kwamba amejikata kidogo, amelia kidogo, kisha amemaliza kuchonga kijiti chake. Akanionyesha kijiti. Mimi nilikuwa natazama plasta.

Mimi ni mtu wa Tanga. Baba watoto ni Mkongomani wa Lubumbashi, na Kifaransa chake ndicho kilichotufikisha Strasbourg. Binti yetu alizaliwa Novemba 2013. Likizo ya uzazi Ufaransa kwa mtoto wa kwanza ni wiki 16, sita kabla na kumi baada ya kujifungua. Zilipoisha nikarudi kazini kwenye nyumba ya wazee, mtoto akaenda kituo cha kulelea. Hakuna aliyeshangaa. Msimamizi aliyenipangia zamu naye alifanya hivyohivyo kwa wanawe watatu.

Septemba 2016 akaanza shule. Kwetu tungesema vidudu, lakini Wafaransa wanaiita shule na wanamaanisha: iko chini ya wizara ileile, walimu wana mafunzo yaleyale ya walimu wa msingi. Watoto wote waliozaliwa mwaka mmoja wa kalenda huingia pamoja, kwa hiyo wangu aliingia akiwa na miaka miwili na miezi kumi. Sharti nililoambiwa lilikuwa moja, awe ameacha nepi. Kiangazi kizima tulikuwa vitani na poti. Asubuhi ya kwanza nilimvua koti, nikalitundika kwenye kulabu yenye picha yake, na mwalimu akaniambia kwa upole kwamba sasa naweza kwenda. Hata dakika tano hazikutimia. Nilimsikia analia mpaka nje ya geti.

Mwezi haukuisha, kilio kikawa kimekatika na mambo mengine yameanza. Mwalimu alisimama mlangoni kila asubuhi akiwaamkia mmoja mmoja, na mtoto asiyeitikia "bonjour" alisubiriwa. Hakugombezwa. Alisubiriwa tu, foleni ikiwa nyuma yake. Nilipomweleza mama yangu kwenye simu akasema, "Basi hao wana adabu, hiyo ndiyo shikamoo yao." Mama hakukosea. Nimewahi kuona duka zima likininunia kwa sababu niliuliza bei kabla ya kusalimu.

Halafu chakula. Watoto wa miaka mitatu walikalishwa mezani, wakaletewa kimoja baada ya kingine: saladi ya biti, kisha samaki na mboga, kisha kipande cha jibini, kisha tunda. Asiyependa alitakiwa aonje. Kanuni ya nchi tangu 2011 imeibana hata tomato sosi, haiachwi mezani kila mtu ajimiminie. Siku moja nilimpakulia ugali na mchicha, akala vizuri, akafuta mdomo, akaniuliza, "Mama, jibini linakuja saa ngapi?"

Neno alilorudi nalo mara nyingi lilikuwa "kazi". Leo nimefanya kazi. Leo fulani hakufanya kazi vizuri. Kila asubuhi walikaa kwenye zulia wakataja siku, tarehe na mwezi, na mtoto wa zamu akabandika tarehe ubaoni. Alipofika miaka mitano aliandika jina lake kwa herufi za kuunganisha, na alighani shairi amesimama wima, mikono nyuma. Nilijivunia sana. Nilichelewa kuona kwamba herufi ikitoka nje ya mstari alikuwa analia, na kwamba kifutio chake kiliisha upesi kuliko penseli.

Mwaka 2019 baba yao akapata kazi upande wa pili wa mto, kodi ya nyumba nayo ikatushauri tuvuke. Mwaka huohuo Ufaransa ilishusha umri wa lazima wa kusoma kutoka miaka sita hadi mitatu. Kwa vitendo haikubadilisha kitu kikubwa, kwani karibu watoto wote walikuwa wanakwenda tayari, lakini ilikuwa serikali inatamka wazi kwamba mtoto wa miaka mitatu ni mwanafunzi.

Wenzake Strasbourg wakaingia darasa la kwanza Septemba. Sisi tukaenda kumwandikisha Kehl. Karani akatazama cheti cha kuzaliwa, akahesabu, akasema, "Novemba? Mwakani." Jimbo la Baden-Württemberg wakati ule liliweka mpaka mwisho wa Septemba, na aliyetimiza sita baada ya hapo alisubiri. Ungeweza kuomba aingie mapema, lakini karani alituuliza swali lililotunyamazisha: kwa nini mnataka kumnyang'anya mwaka wa kucheza?

Baba yao alinung'unika njia nzima kwa Kiswahili cha kwao. "Sasa mtoto anaenda ku masomo kwa kucheza tu?"

Ndivyo ilivyokuwa. Wote wawili wakaingia Kita, kituo cha watoto ambao hawajaanza shule, yeye akiwa na miaka mitano na ushee, mdogo wake mitatu. Ufaransa walinitoa mlangoni. Hapa walinikataza kuondoka. Kuna kipindi cha kumzoesha mtoto ambacho mzazi hukaa mle ndani, kwenye kiti kidogo kinachokufikisha magoti kidevuni, halafu anatoka dakika kumi, kesho nusu saa, mpaka mtoto mwenyewe aonyeshe kwamba amemkubali mlezi. Kwa mdogo ilichukua wiki mbili na nusu. Nilitumia likizo yangu yote ya mwaka nikitazama watu wakijenga minara ya mbao.

Watoto wanamwita mlezi kwa jina lake la kwanza. Hili mama yangu alilipokea vibaya. "Hivihivi? Bila hata dada?" Bila hata dada. Chakula cha asubuhi unabeba kwenye kibweta: mkate mweusi, karoti, tango. Nilimwekea mdogo mandazi mawili, yakarudi pamoja na kikaratasi kilichosema tafadhali, vitafunio visiwe na sukari. Vitumbua vikapata hukumu hiyohiyo. Na juu ya hayo tulilipa ada kila mwezi, wakati ile shule ya Strasbourg ilikuwa bure tukilipia chakula tu.

Siku moja kwa wiki walikwenda msituni, mvua inyeshe isinyeshe. Wajerumani wana msemo kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo zisizofaa, basi ukanunuliwa ovaroli wa mpira wa kuchezea matope. Niliuosha kwa mpira wa maji barazani mpaka jirani akanionea huruma, akaniambia watu huuacha ukauke kisha wanaukung'uta.

Binti yangu wiki ya kwanza alizunguka chumba kizima akitafuta ubao wa tarehe. Haukuwepo. Akamuuliza mlezi, kwa Kijerumani cha kuokoteza, "Kazi inaanza saa ngapi?" Mlezi akadhani anauliza habari za kazi ya mama yake, akaniletea swali lile mimi. Tulicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Miezi mitatu baadaye akaniletea picha ya nyumba ya zambarau, imepinda, paa limetoka nje ya karatasi. Hakuna mahali palipofutwa. Ile picha bado iko mlangoni mwa friji.

Nilianza kuelewa kwamba hawa watu hawagombani juu ya ratiba. Wanagombana juu ya mtoto ni nani. Neno lenyewe la Kijerumani, kindergarten, ni bustani ya watoto. Friedrich Fröbel aliifungua ya kwanza huko Bad Blankenburg mwaka 1840, na serikali ya Prussia ikazipiga marufuku mwaka 1851 kwa kuziogopa kwamba zinaharibu watu kisiasa na kidini. Katika bustani mtunzaji anamwagilia na kungoja. Ufaransa nayo iliweka shule ya bure mwaka 1881 na ya lazima mwaka 1882, chini ya waziri Jules Ferry, Jamhuri ikitaka kuwatoa watoto mikononi mwa kanisa na kuwafanya raia. Pauline Kergomard, aliyekagua shule za wadogo kwa miongo kadhaa kuanzia 1881, alipigania watoto wacheze wasigeuzwe askari wadogo, lakini hata yeye alikuwa anajenga shule. Wahenga wetu waliposema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, mwalimu hawakumtaja. Mfaransa angemtaja wa kwanza.

Kazini kwangu palikuwa na bibi mmoja wa Alsace, eneo lenye mji wa Strasbourg, marehemu sasa. Alianza shule kwa Kifaransa. Mwaka 1940 Wajerumani wa Hitler walipoichukua Alsace, Kifaransa kikapigwa marufuku, yeye akarudi darasani kwa Kijerumani, na jina lake la kwanza likabadilishwa lisikike Kijerumani. Baada ya vita likageuzwa tena. Nilimsimulia shida zangu za kalamu na kisu, akanishika mkono, akasema kwamba yeye alipigwa rula na pande zote mbili. Alicheka sana. Mimi nilikumbuka kwamba hata neno "shule" tulilipata kwa Wajerumani, na kwamba shule ya kwanza ya serikali yao ilifunguliwa kwetu Tanga miaka ya 1890. Nimetoka mbali kuja kuwaandikisha wanangu kwa watu tulioazima kwao neno.

Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa sababu ya korona, tramu ikawa haivuki mto. Mimi nilivuka na barua ya mwajiri mkononi. Majira ya baridi yaliyofuata ndipo nilipoiona tofauti kwa macho. Ufaransa iliapa kwamba shule zitafunguliwa, na Januari 2021 watoto wa Strasbourg walikuwa darasani na barakoa zao. Kehl shule zilikuwa zimefungwa tangu katikati ya Desemba. Binti yangu, mwanafunzi wa darasa la kwanza wa miezi mitatu, alikuwa mezani jikoni na bahasha ya karatasi za mazoezi, na mimi natoka zamu ya usiku. Sijawahi kuipenda Ufaransa kama wiki zile.

Nimeruka kuanza kwake. Septemba 2020 alikwenda shuleni amekumbatia koni ya karatasi karibu ndefu kama yeye, imejaa peremende, penseli na soksi. Kila mtoto wa Kijerumani hupewa koni hiyo siku ya kwanza ya darasa la kwanza, na familia hukusanyika kama kwenye maulidi. Miaka sita ya kungoja humalizikia kwenye koni. Mwalimu alituomba wazazi tusiwafundishe kusoma nyumbani, watachoka darasani. Wangu alikuwa anasoma tayari. Kikao cha kwanza mwalimu aliniambia, "Anaandika vizuri, lakini anafuta mpaka karatasi inatoboka."

Halafu wakanitaka nimwache atembee peke yake. Strasbourg mtoto wa ile shule ya wadogo hatoki getini ila akabidhiwe mtu aliyeandikwa kwenye orodha. Hapa, wiki chache tu, tukaombwa tuwaage kwenye kona. Mzazi anayeleta mtoto kwa gari hadi mlangoni ana jina la kejeli, teksi ya wazazi. Nilimfuata kwa siri siku nne, nikijificha nyuma ya magari kama mwizi. Siku ya tano jirani akaniona, sikurudia tena.

Na shule ikaisha saa sita mchana! Mtoto yuko nyumbani saa saba, ana njaa, mimi niko Strasbourg nikimlisha mzee wa watu. Wanawake wa mtaa wetu wengi walifanya kazi nusu siku. Likizo ya wazazi inaweza kufika miaka mitatu, na kazi yako inakungoja. Wajerumani wana neno la mama anayetanguliza kazi: mama kunguru. Hakuna aliyeniita hivyo usoni. Lakini niliposema nilirudi kazini mtoto akiwa na wiki kumi, mwenzangu mmoja aliweka kikombe mezani taratibu sana. Ufaransa ilimbana mtoto ikaniachia mimi. Ujerumani ilimwachia mtoto, aliyebanwa nikawa mimi.

Nisiwanyime haki yao lakini. Mwanangu mdogo wa matope alikua mtoto wa kupendeza. Akiwa na miaka sita alipata beji ya kuogelea ya farasi wa baharini: unaruka majini, unaogelea mita 25, unachukua pete chini. Mama yangu aliposikia kuna cheti cha kuogelea alicheka mpaka simu ikakatika. Watoto wa Raskazone wanaruka baharini bila cheti cha mtu. Ila wa Raskazone tunawajua pia wasiorudi. Alijua kupanda miti, kuwasha moto, kupatanisha ugomvi. Darasa la nne polisi walikuja kuwafundisha baiskeli barabarani, ishara za mikono, nani apite kwanza, kisha mtihani. Alifaulu bila kosa. Kusoma alikuwa anasoma, kwa mwendo wake. Kila nilipouliza niliambiwa, mwache, kila mtoto na wakati wake.

Kumbe wakati wenyewe una mwisho, na mwisho wake ni darasa la nne. Mtoto ana miaka tisa au kumi, na hapo ndipo Ujerumani inapochuja: huyu Gymnasium, njia ya chuo kikuu, huyu Realschule, huyu chini yake. Dada yake alipopita, mwaka 2024, maoni ya walimu yalikuwa ushauri, neno la mwisho la mzazi. Yeye hata hivyo alipendekezwa Gymnasium, kifutio na yote. Kisha jimbo likabadilisha sheria. Sasa kuna mtihani wa Kijerumani na hesabu unaoitwa Kompass 4, na ukitaka Gymnasium lazima matokeo ya mtihani huo au mapendekezo ya walimu yakuunge mkono. Vyote viwili vikikukataa, mtoto anafanya mtihani mwingine.

Kwa mdogo vyote vilisema Realschule.

Mwalimu alikuwa mpole, akaeleza kwamba milango haifungwi, kwamba baada ya darasa la kumi anaweza kuendelea hadi mtihani wa chuo kikuu. Ni kweli, nawajua waliofanya hivyo. Ila nilikaa pale nikiwaza jambo moja. Nchi iliyoniambia miaka sita nisimharakishe ndiyo sasa inaniambia amechelewa.

Shemeji yangu yuko Strasbourg, mtaa wa Neuhof, ana binti wa umri wa wangu mkubwa. Kule tangu sheria ya 1975 watoto wote huenda collège moja, yaani sekondari ya chini, mpaka karibu miaka 15, hachujwi mtu. Binti yake akipata 14 kwa 20 wanachinja kuku, maana walimu wa Kifaransa 20 wanaitoa kwa shingo upande. Shemeji ananiambia, "Ungebaki huku, mtoto asingepangiwa maisha ana miaka kumi." Namkubalia nusu. Collège ya Neuhof na collège ya katikati ya mji zina jina moja, lakini watoto wake si wale wale, na ripoti za PISA, ule mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, zimeisema Ufaransa mara nyingi kwamba mtoto wa maskini huachwa mbali na mtoto wa mwenye nacho. Ujerumani wanakuchuja na kukutumia barua. Ufaransa unachujwa taratibu, barua huioni.

Baba yao alitaka apelekwe kwenye ule mtihani wa ziada. Tulibishana usiku mbili. Mtoto mwenyewe, alipoulizwa, aliuliza rafiki yake wa kupanda miti anakwenda wapi. Anakwenda Realschule. Basi.

Kilichoniuma mimi kilikuwa cha zamani. Mwaka 1995 kaka yangu alimaliza la saba Tanga. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalibandikwa ukutani, nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, na karatasi ilikuwa fupi. Alisoma juu mpaka chini, akasoma tena, akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Alikuwa na akili kunishinda, na jina langu lilipotokea miaka miwili baadaye alininunulia soda. Leo ni fundi baiskeli Ngamiani, na kwa mji wa baiskeli kama ule fundi mzuri hakosi kula. Hatujawahi kuizungumzia ile karatasi.

Jumapili nikampigia, nikamweleza habari za mpwa wake. Alinyamaza, nikasikia spana inawekwa chini.

"Wamebandika wapi?"

"Hawakubandika, kaka. Imekuja kwa bahasha."

"Afadhali," akasema. Halafu, "Hebu nipe huyo mjomba wangu."

Mtoto akachukua simu, shikamoo mjomba, marahaba mjomba, akaanza kumweleza kwamba baiskeli yake ina breki ya kurudisha pedali nyuma nayo inalia. Kaka yangu akamwambia aigeuze matairi juu, aweke simu karibu na kitovu cha gurudumu la nyuma, azungushe, asikilize vizuri wasikilize wote wawili. Walikaa barazani dakika arobaini. Mikono ilirudi na grisi mpaka kwenye viwiko, na breki ilikuwa hailii tena.